Wenye Visima vya Wajir

Kenya ina maeneo manane katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Mji wa kale wa Lamu umo tangu 2001, makaya ya Wamijikenda tangu 2008, Ngome ya Yesu ya Mombasa tangu 2011, na mwaka 2024 magofu ya Gedi nayo yakapokewa. Hata Thimlich Ohinga, makazi yenye kuta za mawe yaliyo kilimani huko Nyatike, kaunti ya Migori, ambayo Wakenya wengi walikuwa hawajapata kuyasikia, yaliingia 2018. Lakini Garissa, Wajir na Mandera, kaunti tatu zinazochukua zaidi ya sehemu moja ya tano ya ardhi ya nchi, hazina hata eneo moja.

Jibu la haraka ni kwamba wafugaji wa kuhamahama hawaachi kitu nyuma yao. Wanakunja mahema, wanapakia ngamia, upepo unafuta nyayo, basi. Jibu hilo limekaririwa sana madarasani na maofisini, na si la kweli. Kaskazini Mashariki kumejaa mabaki ya watu wa kale. Tatizo ni macho yetu, yaliyozoeshwa kutafuta kuta. Pasipo na ukuta tunapaita patupu, na mahali patupu hapawezi kuwa na historia ya kuporomoka. Ilhali mporomoko wa huko ni mmoja wa mikubwa iliyopata kutokea katika nchi hii, na haujakwisha.

Thimlich inafaa kutangulizwa, kwa sababu inaonyesha waziwazi jinsi makazi yenye kuta yanavyokufa. Wajenzi wake walipanga mawe bila chokaa wala udongo wa kushikiza, dogo likikaza kubwa, wakapandisha kuta zenye unene wa mita moja hadi tatu na kimo kinachopita mita nne mahali pengine. Milango iliachwa mifupi na myembamba ili anayeingia ainame. Ndani kulikuwa na mazizi, misingi ya nyumba za mviringo, mawe ya kusagia, na sehemu ya kufulia chuma. Maboma ya namna hiyo yapo mengi kusini mwa Nyanza. Yalianza kujengwa karibu karne ya 16, yakakaliwa na watu wa asili ya Kibantu na baadaye Wajaluo, kila waliofika wakikarabati walichokikuta. Hakuna jeshi lililoyabomoa. Yaliachwa katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, utawala wa kikoloni ulipozima vita vya koo na wizi wa mifugo, na ukuta ukageuka mzigo: kuukarabati ni jasho la ukoo mzima, na usiku hakuna tena anayekuja. Watu wakateremka, wakajizungushia ua wa minyaa.

Kwa ufupi, amani iliua ngome. Kule Wajir amani hiyohiyo, ya serikali ileile na katika miaka ileile, iliua kitu kingine ambacho hakikuwa ukuta lakini kilifanya kazi ya ukuta.

Mji wa Wajir umekaa juu ya mwamba wa chokaa, na chini ya mwamba huo maji yako karibu. Katika nchi ambayo mvua ya mwaka ni kama milimita 300, nayo ikija, jambo hilo pekee linatosha kueleza kwa nini watu wamepigania mahali hapo kwa karne nyingi. Visima ni vingi na vilichimbwa kwa mkono. Ukifika kwenye kimoja cha zamani, tazama mdomo wake kabla hujatazama maji. Ukingo wa jiwe umeingia mifereji laini, mmoja kando ya mwingine, iliyochongwa na kamba za watu waliovuta ndoo za ngozi mahali palepale vizazi kwa vizazi. Kando yake pana hori la kunyweshea mifugo, zamani la udongo, siku hizi mara nyingi la saruji, na ardhi inayolizunguka imekanyagwa na kwato mpaka haioti kitu. Kaskazini zaidi, mpakani mwa Somalia, El Wak ina visima vyake, navyo vina historia ya aina hiyohiyo.

Halafu kuna makaburi. Kote kaskazini mwa Kenya, hadi ukingo wa jangwa la Chalbi huko Marsabit, yametapakaa marundo ya mawe ya duara, mengine madogo, mengine makubwa kiasi kwamba dereva wa lori huyatumia kama alama ya njia. Huko Kokurmatakore, karibu na Chalbi, watafiti Daniel Stiles na S. C. Munro-Hay walifukua baadhi yake na kuchapisha matokeo mwaka 1981: ni maziko ya watu. Kwa upande wa Garissa na Wajir kazi ya namna hiyo ni haba mno, na uhaba huo wenyewe ni sehemu ya habari ninayoieleza.

Wenyeji wana jibu lao kuhusu nani alifanya kazi hii yote. Wanasema ni Madanle, watu warefu wenye nguvu zisizo za kawaida, waliochimba visima na kulundika mawe kisha wakatoweka. Wasomi waliopita huko, I. M. Lewis akiwa mmoja wao, walilisikia jina hilo na kuliandika. Mimi simulizi za majitu sizichukui kama taarifa ya sensa, lakini sizitupi pia, kwa kuwa zina kazi. Kisima kilichochimbwa na mtu aliyetoweka hakina mrithi. Hakuna ukoo wa leo unaoweza kusimama mbele ya wenzake na kusema babu yangu ndiye aliyekipasua kwa mkono wake. Kila mmoja amekikuta, akakizibua, akakilinda, na haki yake inatokana na hilo. Simulizi ya Madanle inawaweka wote daraja moja, la watu waliofika baadaye. Katika nchi ambako madai ya kutangulia yanaweza kuleta umwagaji wa damu, hiyo si hekaya ya kuwalaza watoto.

Jina jingine linalorudi kila mara ni Ajuran. Waajuran wa leo wanaishi hasa kaskazini mwa kaunti ya Wajir, na jina lao ni la dola iliyotawala bonde la mto Shabelle na sehemu ya pwani ya Benadir hadi karne ya 17. Mwanahistoria Lee Cassanelli, katika kitabu chake cha 1982 kuhusu jamii ya Wasomali, alionyesha kwamba nguvu za dola hiyo zilisimama juu ya maji. Visima vikubwa vya mawe katika eneo zima la kusini mwa Somalia huhusishwa na Waajuran, na simulizi za kuanguka kwao zinataja watawala waliotaka kuamua peke yao nani anyweshe na lini. Baadhi ya simulizi hizo zinaweka mwanzo wa uasi palepale kisimani. Mtawala aliyejenga kasri anaweza kuzingirwa ndani yake akavumilia miezi. Mtawala wa visima hana anasa hiyo, maana ngamia wa adui na ngamia wake wanakunywa mahali pamoja, na siku wafugaji wakikataa zamu yake utawala umekwisha.

Kilichofuata huku kwetu hakikuwa vurugu tupu, ingawa vitabu vingi vya shule vinaruka kutoka kuanguka kwa Waajuran hadi kufika kwa Waingereza. Mwanaanthropolojia Mjerumani Günther Schlee, aliyechapisha utafiti wake mkuu mwaka 1989, alieleza muungano ulioitwa Worr Libin. Kitovu chake kilikuwa Waborana. Chini yao walikaa Waajuran, Wagarre, Wasakuye na baadhi ya Wagabra, wengi wao wakizungumza Kiborana, wakipeleka zawadi kwa Qallu, kiongozi wa ibada wa Waborana, na kwa malipo ya hayo wakipata ulinzi, malisho na, juu ya yote, zamu kisimani. Waislamu walibaki Waislamu, na waliomwomba Mungu, Waaq, kwa mila ya Waborana waliendelea hivyo. Mgeni aliyeingia kwa adabu alipokewa na ukoo, akahesabika wa ukoo huo hadi aamue kuondoka. Mgeni njoo mwenyeji apone ilikuwa siasa ya dhati kabisa: kila aliyejiunga aliongeza mikono ya kuvuta maji na mikuki ya kuyalinda.

Namna maji yenyewe yalivyogawanywa inastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu hapo ndipo ngome ilipokuwa. Katika nchi ya Waborana ya Dirre na Liban, kusini mwa Ethiopia, visima virefu vya tula vingali vikitumika. Vingine vinashuka karibu mita 30. Wanaume hujipanga kwenye ngazi zilizochongwa ukutani mwa kisima, mmoja juu ya mwingine, wakirushiana ndoo huku wakiimba ili mikono isipotezane. Kila kisima kina konfi, yaani mtu ambaye ukoo wake ndio uliokianzisha au kukifufua, na cheo hicho hurithiwa. Lakini konfi hasimamii kazi ya kila siku. Kazi hiyo ni ya aba herega, mtu anayechaguliwa kupanga zamu: ng'ombe wa nani leo, wa nani kesho, nani atatengeneza hori, nani ametuma wanaume wake kuvuta na nani amejificha. Kisima kikibomoka au kikijaa tope, wazee wa ukoo hukaa na kuwagawia kazi na mifugo ya kuchinja wote watakaonufaika. Maji hayauzwi. Asiye wa ukoo huomba, naye hunyweshewa akifuata zamu. Kumnyima maji mtu aliyeomba kwa utaratibu ni aibu kubwa, na kunywesha bila kuomba ni kosa linaloitisha kikao.

Nimelieleza hili kirefu kwa makusudi. Mtu akiuliza ukuta wa Wajir ulikuwa wapi, jibu langu ni aba herega. Yeye ndiye aliyezuia watu mia tano wenye kiu na silaha wasiuane kwenye tundu lenye upana wa mita moja. Na ukuta wa aina hiyo ukibomoka hauachi mawe chini. Mtafiti atakayekuja miaka mia tano ijayo ataona visima vimejaa mchanga na atadhani maji ndiyo yaliyokauka.

Pigo la kwanza lilikuwa la magonjwa. Katikati ya miaka ya 1860, Waoromo wa Warday waliokalia ardhi ya kati ya Juba na Tana, ambayo leo sehemu yake ni kaunti ya Garissa, walidhoofishwa na ndui, kisha wakashambuliwa na Wasomali wa koo za Darood waliokuwa wakivuka Juba kutafuta malisho. Waliosalia walisukumwa kuelekea Tana, na Waorma wa leo wa ng'ambo ya mto ni kizazi chao. Miaka kama 25 baadaye ikaja sotoka, iliyoingia Pembe ya Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880 na kuteketeza ng'ombe hadi kusini mwa bara. Sotoka haikuua ngamia. Waborana, watu wa ng'ombe, walifilisika kwa msimu mmoja au miwili; majirani wao wenye ngamia walibaki na utajiri wao. Hesabu ya nani mwenyeji na nani mgeni ikapinduka bila mtu kurusha mkuki. (Sotoka hiyo iliaga dunia karibu na ilipoua sana: kisa cha mwisho kuthibitishwa duniani kilipatikana kwa nyati wa hifadhi ya Meru mwaka 2001, na mwaka 2011 ikatangazwa kuwa imetokomezwa.) Mwishoni mwa karne hiyo majeshi ya Menelik yakateka kitovu cha Waborana huko Ethiopia, na wakubwa wa Worr Libin wakawa wenyewe raia wa mtu mwingine.

Waingereza walipofungua kituo Wajir mwaka 1912, basi, walikuta muungano umeshachoka. Si haki kuwabebesha lawama ya kila kitu. Lakini walichofanya baadaye ndicho kilichogeuza uchovu kuwa kifo.

Hawakuuelewa utaratibu wa kubadilisha uwenyeji. Machoni mwa ofisa wa wilaya, mtu alikuwa na kabila moja, kabila lilikuwa na eneo moja, na eneo lilihitaji mpaka. Sheria ya wilaya za pembezoni ya 1902 ilikuwa tayari imeipa serikali uwezo wa kufunga maeneo. Mwaka 1926 wilaya ya mpaka wa kaskazini ikafungwa, asiye na kibali asiingie wala asitoke. Mwaka mmoja kabla, Jubaland, pamoja na mto ambao koo nyingi zilitegemea wakati wa kiangazi, ilikuwa imekabidhiwa Italia. Ulichorwa pia mstari wa kutenga Wasomali na Waoromo, Waborana wakiwemo, waliokuwa wakiitwa kwa dharau Galla, na sheria ya wilaya maalum ya 1934 ikauongezea meno. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Waborana waliondoka Wajir kwenda upande wa Isiolo. Waajuran, waliokuwa wakizungumza Kiborana nyumbani na kusimulia nasaba ya Kisomali, walitakiwa kuwa kitu kimoja kwenye daftari. Uhodari wao wa karne mbili, wa kuwa huku na huku kadiri mvua inavyotaka, ukawa kosa la kisheria.

Kuna wanaosema mstari ule ulileta utulivu, na kwa muda ulileta. Jeshi lenye bunduki lilisimama kati ya mahasimu. Tatizo ni kwamba Nyanza na Wajir hazikuhitaji dawa moja. Kule Thimlich, watu walikuwa wamejifungia ndani ya mawe kwa hofu, na amani ya serikali iliwafungulia. Huku, watu walikuwa wameishi kwa kufunguliana milango kwa masharti, na amani ya serikali ikaifunga. Mvua ikikosekana upande wako wa mstari, mzee wa upande wa pili hana tena mamlaka ya kukukaribisha hata akitaka, na wewe huna sababu ya kumwomba kwa adabu. Mnasubiri wote wawili uamuzi wa kijana wa miaka 25 aliyetoka Oxford. Maofisa hao walikuwa na muda wa kutosha hata wa kuanzisha klabu ya mashua, Royal Wajir Yacht Club, mamia ya kilomita kutoka baharini. Mzaha wa watu waliochoshwa na joto, wala siwalaumu kwa huo. Kinachonikera ni kwamba wageni wengi wanaoandika kuhusu Wajir wanaikumbuka klabu hiyo na kusahau visima.

Uhuru haukuufuta mstari, uliurithi. Vita vya Shifta, vilivyoanza 1963 na kutulizwa kwa mkataba wa Arusha wa 1967, vilishughulikiwa kwa hali ya hatari, kambi za lazima na kukamata au kuua mifugo. Wasakuye, waliokuwa matajiri wa ngamia ndani ya ule muungano wa zamani, walipoteza karibu kila kitu, na Waborana wa Isiolo hadi leo huita miaka hiyo Daba. Sheria za hali ya hatari zilidumu Kaskazini Mashariki hadi 1991. Katikati yake kuna Wagalla, uwanja wa ndege ulio nje kidogo ya mji wa Wajir, Februari 1984, ambako wanaume wa ukoo wa Kisomali wa Degodia walikusanywa na wanajeshi, wakawekwa juani siku kadhaa bila chakula wala maji, na wengi wakauawa. Katika nchi ambapo kumnyima mtu maji kulikuwa aibu kubwa, na hata kunywesha bila kuomba kulikuwa kosa la kuitishiwa kikao, sijui kikao gani kingetosha kwa hilo.

Kisha likaja pigo ambalo halikuwa na nia mbaya hata kidogo. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1960, kwa fedha za wafadhili, Benki ya Dunia ikiwemo, serikali iligawa Kaskazini Mashariki katika vitalu vya malisho, ikachimba mabwawa na visima vya mashine. Wazo lilikuwa zuri kwenye karatasi: panua maji, utapanua malisho. Wafugaji walijua kinyume chake. Malisho yasiyo na maji karibu ni akiba. Mifugo huyafikia wakati wa mvua tu, yanapumzika miezi mingine. Ukiweka maji ya kudumu katikati yake, umeifungua akiba mwaka mzima. Mashine ya dizeli haina aba herega. Ina mwendeshaji anayelipwa, kamati yenye mhuri, na bei kwa kila kichwa cha mnyama. Mwenye fedha ananywesha kwanza, na mwenye ng'ombe wengi wasiokuwa wake, waliotumwa na mfanyabiashara wa mjini, ananywesha kabla ya mwenye mbuzi kumi aliyezaliwa hapo.

Na pale mashine inapokaa, mji unaota. Duka, msikiti, shule, kisha lokesheni na chifu wake, kisha kituo cha kupigia kura. Sitaki kuonekana nalilia wakati ambapo watoto hawakuwa na shule. Hata hivyo ni lazima tuone kilichotokea kwenye siasa: kisima kilikuwa mahali pa kupita, sasa kikawa mahali pa kudai. Ukoo ukichimbiwa kisima una lokesheni. Ukiwa na lokesheni, unaweza kuomba wadi. Na jirani anayekuja kunywesha wakati wa ukame anahesabiwa kama mpiga kura wa upande mwingine. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 781,263 Wajir na 841,353 Garissa, na kila tarakimu ya hesabu hiyo ilibishaniwa kwa ukali ambao zamani ulielekezwa kwenye zamu ya maji. Vita vya mpaka wa Garissa na Isiolo, na vya Wajir na Isiolo, vinaripotiwa kama ugomvi wa malisho, lakini ukisikiliza vizuri wanagombania vibao vya barabarani vya mpaka.

Mjini Wajir kwenyewe maji yameleta msiba wa namna yake. Kwa kuwa yako karibu na uso wa ardhi, choo cha shimo kinaingia moja kwa moja kwenye kisima. Kwa miongo mingi mji ulitumia vyoo vya ndoo, vilivyomwagwa na wafanyakazi usiku, na hata hivyo uchafu ulipenya kwenye nyufa za chokaa. Kipindupindu kimerudi mara kwa mara. Ulipoletwa mpango wa kuvuta maji kutoka Habaswein, kwenye hifadhi ya maji ya chini ya ardhi ya Merti, ambayo pia inanywesha kambi za wakimbizi za Dadaab tangu 1991, watu wa Habaswein walipinga: bwawa la Lorian lililo jirani yao wameliona likinywea kadiri maji ya mto Ewaso Nyiro yanavyotumiwa juu milimani. Hoja zao na za wenzao wa Wajir zote zilikuwa za kweli. Kilichokosekana kilikuwa mtu ambaye pande zote mbili zinakubali kwamba ana haki ya kupanga zamu.

Si kwamba hakuna aliyejaribu kuujenga upya ukuta huo. Mwaka 1993, baada ya mapigano ya koo yaliyofuata uchaguzi na ukame, wanawake wa Wajir, Dekha Ibrahim Abdi akiwa miongoni mwao, walianza kukutana, wakaingia sokoni kuhakikisha mwanamke wa ukoo wowote anaweza kuuza na kununua, wakawafuata wazee, na Septemba mwaka huo wazee wakatia saini azimio la Al-Fatah. Dekha alipewa tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007, akafariki 2011 kwa ajali ya barabarani. Mwaka 2001, Modogashe, mpakani mwa Garissa na Isiolo, wazee wa koo na makabila ya eneo zima walikubaliana kwamba anayehamisha mifugo aombe ruhusa kwanza kwa wazee na chifu wa anakokwenda, na wakapanga fidia ya damu. Ukilisoma azimio la Modogashe kwa jicho la mtu anayeijua Worr Libin, unaona jambo la ajabu: ni sheria za kisima, zimeandikwa kwa mashine ya chapa. Udhaifu wake uko palepale. Halikuwa na nguvu mahakamani, na mwanasiasa anayetaka kura hana haja nalo.

Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya 2006 inaweza kulinda visima na makaburi ya mawe kama kumbukumbu za kihistoria, ikiwa waziri atayatangaza katika gazeti rasmi la serikali. Ningependa afanye hivyo, hasa kabla barabara mpya za kuelekea Garissa na Isiolo hazijatafuta kokoto. Lakini tangazo la gazeti hulinda mawe, nayo mawe ya Wajir ndiyo sehemu ndogo ya kilichopo. Sheria nzito zaidi ni ile ya ardhi ya jamii ya 2016. Inataka kila jamii ijisajili, itaje wanachama wake, ionyeshe mipaka yake, kisha ipewe hati. Kwa mwenyeji wa Kwale au Narok hilo lina mantiki. Kwa kisima ambacho Ajuran, Degodia, Borana na Garre wote wamewahi kuwa na zamu, maswali yote matatu ni mabaya. Ndani ya sheria hiyohiyo kimo kifungu kinachoruhusu wasio wanachama kupewa haki ya malisho kwa makubaliano na kwa masharti. Wazee wa Modogashe wangeianza kazi kwa kifungu hicho: kisima kwa kisima, nani aombe kwa nani, msimu gani, kwa zamu ipi, ndipo mpima ardhi aitwe. Kwa sasa mpima ardhi ndiye anayetangulia, na kifungu kinasubiri mpaka uchorwe.